Siku sita kukitafuta kisiwa cha Dhahiri

Siku ya kwanza, Athens

Ami alinifungulia mlango kalamu ikiwa mkononi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba mwanangu, pita ndani. Ngoja nimalize dhilosi hii, kesho asubuhi inatakiwa."

Anakaa Kypseli, ghorofa ya tatu, dirisha limeelekea nguo za jirani. Alifika Ugiriki akiwa baharia wa meli za mizigo, kama Waunguja wengi wa rika lake, akaoa, akabaki. Meza yake ya kulia chakula ilikuwa imefunikwa makaratasi. Dhilosi, alinieleza huku akiandika, ni karatasi ya tamko. Unataka kuhama nyumba, dhilosi. Mtoto anaanza shule, dhilosi. Unaandika kwamba mimi ndimi fulani, nakaa mahali fulani, haya nisemayo ni kweli, unatia sahihi.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kisiwa cha Delos. Akakunja uso.

"Delos ndiyo wapi?"

Nikachukua kalamu yake nikaliandika jina kwa herufi za Kigiriki pembeni mwa gazeti. Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Dhilos! Sema Dhilos, mwanangu, nani atakuelewa?"

Kwa hiyo somo la kwanza nimelipata kabla sijanywa chai. Herufi ambayo kwenye Kigiriki cha kale ilikuwa d, leo ni dh, ile ile ya dhahabu na dhambi. Na ile e ndefu ya zamani imekuwa i. Vitabu vya Ulaya vimebaki na matamshi ya kale, Delos, huku wenye kisiwa wakiita Dhilos. Sisi wenye dh yetu hatupati shida yoyote kulitamka.

Cha kunifurahisha zaidi ni kwamba ile karatasi ya mezani na kisiwa ni neno moja. Delos kwa Kigiriki cha kale ni sifa: cha kuonekana, wazi, kisichojificha. Kutokana nalo wana kitenzi cha kutamka jambo bayana, na ndiyo hiyo dhilosi. Wana pia dhiladhi, maana yake "yaani", na Ami hamalizi sentensi tatu bila kuitia, hata anapozungumza Kiswahili. Ningeambiwa nilifasiri jina la kisiwa kwa neno moja, nisingefika mbali: Dhahiri. Neno letu limetoka Uarabuni na halina udugu wowote na la Kigiriki. Yamefanana tu, sauti na maana, kama watu wawili wasiojuana waliovaa kanzu za fundi mmoja.

Ami akauliza kwa nini kisiwa hicho hasa. Nikamjibu kwamba Wagiriki walikwisha kuja kwetu wakatupa jina. Ile safari ya mfanyabiashara wa karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, inataja kisiwa cha Menouthias kwenye pwani yetu, chenye mitumbwi, majahazi ya kushonwa na kasa wanaotegwa kwa makapu. Wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi Muunguja, na nimekua nikisikia mjadala huo. Nikataka mara moja nigeuze darubini: nione wao walikiitaje kisiwa chao wenyewe walichokitukuza kuliko vyote.

Siku ya pili, melini

Meli ilitoka Piraeus saa moja na nusu asubuhi. Nilikaa sitaha ya juu upande wa kivuli na daftari langu.

Kabla ya kuitwa Delos kisiwa kilikuwa na majina mengine, na Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, ameyapanga kama mtu anayekagua ghala: Cynthia, Ortygia, Asteria, Lagia, Chlamydia, Cynaethus, Pyrpile. La mwisho, anasema, kwa sababu moto uligunduliwa huko kwanza. Lagia linanuka sungura, maana lagos ni sungura. Ortygia ni la kware, wale ndege wa kwenye kitabu cha Kutoka walioshukia kambi ya Waisraeli. Hadi leo kware huvuka bahari hii kila mwaka wakielekea Afrika na kurudi, basi wala si jina la ajabu. Ila Ortygia ni jina la fujo. Iko nyingine Syracuse, iko nyingine karibu na Ephesus. Tena utenzi wa kale wa kumsifu mungu Apollo unasema dada yake Artemis alizaliwa Ortygia na Apollo akazaliwa Delos yenye mawe, yaani mahali pawili mbalimbali. Washairi wa baadaye wakayaunganisha, na aliyetaka heshima kwa kisiwa chake akajichukulia.

Asteria ndilo zuri. Aster ni nyota. Asteria alikuwa binti aliyemkimbia Zeus, mfalme wa miungu, akajirusha baharini kutoka mbinguni kama nyota inavyoanguka, akawa kisiwa kinachoelea. Pindar, mshairi wa karne ya 5 KK, ana vipande vya shairi vilivyosalia vinavyosema wanadamu wanakiita Dalos, lakini miungu kule Olympus wanakiita nyota ya dunia ya buluu iliyoiva, ing'aayo hadi mbali. Ni Dalos kwa a, kwa lahaja ya Kidori, kama Mmvita anavyosema nti pale sisi tunaposema nchi. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na bado unanisimamisha. Geuza kichwa: miungu wako juu wanatazama chini, bahari na nchi ndiyo anga yao ya usiku, na kisiwa ndicho nyota.

Karibu saa nne tuliona upande wa kaskazini jiwe refu la kijivu, hakuna nyumba, hakuna mti. Mama mmoja wa Kigiriki aliyekaa karibu nami alinyanyua kidevu: "Gyaros." Warumi walipeleka huko wahamishwa. Serikali za Ugiriki nazo zikawafungia huko wafungwa wa kisiasa baada ya 1947, na tena chini ya wanajeshi waliotwaa nchi 1967. Kwangu Gyaros ni ya Virgil, mshairi wa Kirumi. Katika utenzi wake Aeneid, kitabu cha 3, shujaa Aeneas anatua Delos, na mshairi anaeleza jinsi Apollo alivyokifunga kisiwa kilichokuwa kinatangatanga, kamba moja Mykonos na nyingine Gyaros, kikatulia na kuudharau upepo. Hakitaji kwa jina pale. Anasema tu kuna nchi takatifu katikati ya bahari. Wanapong'oa nanga ndipo anasema: tunaiacha bandari ya Ortygia. Jina Delus analiweka hadi kitabu cha 4. Virgil hakosi maneno. Nadhani alitaka msomaji akione kisiwa kwanza, jina lije baadaye.

Siku ya tatu, Mykonos, upepo

Hakuna boti leo. Kijana wa dirishani hakunitazama hata usoni, alielekeza kidole baharini: mawimbi meupe mpaka upeo. Huu ndio meltemi, upepo wa kaskazini wa kiangazi. Mwezi huu kwetu ni kusi, kwao ni kaskazi tupu, na unavuma siku tatu, tano, unavyotaka wenyewe. Kofia yangu imekwenda, sijui itatua Paros au wapi.

Nikakaa mkahawani kwenye ukuta wa bandari. Juu ya kichwa changu walikuwa wameanika pweza kwenye kamba, sita, mikono inaning'inia na kupigwa upepo kama nguo za watoto. Nikafungua utenzi wa Apollo, nikakutana na pweza.

Hadithi ni hii. Leto, mama yake Apollo, ana mimba ya Zeus, uchungu umemshika, na kila nchi inamkataa kwa kumwogopa Hera, mke wa Zeus. Anafika kwenye kisiwa fukara. Anakiambia: huna ng'ombe, huna kondoo, huna zabibu, lakini ukimpokea mwanangu, watu watakuletea sadaka toka kila pembe. Kisiwa kinafurahi, halafu kinaingiwa na hofu. Nasikia huyo mtoto atakuwa mkali, kinasema. Akiliona jua tu atanidharau kwa kuwa ni mwamba mtupu, atanipiga teke nizame, aende nchi nyingine. Na pweza watajifanyia mapango ndani yangu na sili weusi nyumba zao. Niapie kwanza. Na Leto anaapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu.

Nimezaliwa karibu na maji, na nasema aliyetunga mistari hiyo alikuwa mtu wa pwani. Mtu wa bara angesema utakula mchanga, utaota magugu. Huyu anajua kwamba jiwe likizama, anayehamia wa kwanza ni pweza.

Mshairi Callimachus naye, miaka mia tatu au zaidi baadaye, ameichukua hadithi hiyo na kuibana kwenye jina. Alizaliwa Cyrene, Libya ya leo, akafanya kazi Alexandria, kwa hiyo ni mwandishi wa bara letu, ingawa sijaona anayemhesabu hivyo. Katika utenzi wake wa Delos anasema mabaharia wa kutoka Troezen kwenda Ephyra walikuwa wanakiona kisiwa wakienda, na wakirudi hakipo. Kinakwenda zake. Kilipompa Apollo pa kuzaliwa kikaota mizizi baharini, na mabaharia wakakibadilisha jina, kutoka Asteria kuwa Delos, kwa kuwa sasa hakielei tena kikiwa adelos. Ile a ya mbele ni ya kukanusha: adelos, kisichoonekana. Kwa hiyo jina lina tusi la zamani ndani yake. Ni kama kumwita mtu Ameonekana. Anayelisikia atauliza, kwani alikuwa kapotelea wapi?

Na wanaolipa jina ni mabaharia, watazame. Si mungu wala mfalme. Ni watu wenye shida ya kujua kisiwa kiko wapi.

Jioni nilipanda juu ya mji. Jua lilipozama nikaiona Delos, kilima kidogo cheusi kusini magharibi. Taa zikaanza kuwaka Mykonos, halafu Tinos, vijiji kwa vijiji. Delos haikuwaka. Kilima kikayeyuka gizani, na nikabaki nakisia kilipokuwa.

Siku ya nne, Delos

Upepo umepungua kidogo. Boti ilichukua nusu saa, wenzangu wawili wametapika.

Unashuka kwenye gati na hakuna kitu, mawe tu, ekari kwa ekari za mawe, na majani makavu yanayochoma miguu. Kisiwa kina urefu wa kilometa 5 na upana wa kilometa 1 na ushee. Hakuna anayeishi ila walinzi na wachimbuaji. Wafaransa wanachimba hapa tangu miaka ya 1870. Mgeni haruhusiwi kulala.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kitako cha ile sanamu kubwa ya Apollo iliyotolewa na watu wa kisiwa cha Naxos. Ni bonge la marumaru, limepasuka, limelala chini kama mtumbwi uliopinduliwa. Sanamu yenyewe imevunjika: kiwiliwili kiko hatua chache kutoka hapo, mguu uko London. Ubavuni pa kitako pamechongwa maandishi ya karne ya 6 KK, herufi zimeshikana bila nafasi kati ya neno na neno. Niliyafuata kwa kidole, hewani, mlinzi ananitazama. Yanasema: mimi ni wa jiwe lile lile, sanamu na kitako. Basi. Wala hakuna jina la mungu kwenye mstari huo, ni jiwe linajisifu. Mjukuu wa fundi seremala kama mimi analielewa: "ubao mmoja huu, hauna kiungo."

Simba wa marumaru wa Wanaxos wamekaa kwenye mstari wao, vinywa wazi, wembamba kama mbwa wenye njaa. Hao wa nje ni nakala, wenyewe wamewekwa ndani ya jumba la makumbusho wasiliwe na chumvi. Mmoja yuko Venice, mbele ya Arsenale, karakana ya kale ya meli, alichukuliwa zamani akabandikwa kichwa kisicho chake. Walikuwa wanalinda Ziwa Takatifu. Ziwa lilikaushwa miaka ya 1920 kwa sababu ya malaria. Sasa ni shimo la duara lenye vichaka, na katikati wamepanda mtende mmoja.

Nilikaa chini nikautazama. Odysseus, shujaa wa Odyssey ya Homer, ametupwa ufukweni uchi, amejaa chumvi, anakutana na binti mfalme Nausicaa na lazima aseme neno la kumfanya asikimbie. Anamwambia: sijapata kuona kiumbe kama wewe, ila mara moja, Delos, kando ya madhabahu ya Apollo, niliona chipukizi la mtende linapanda juu, nikalistaajabia kwa muda mrefu. Delos imetajwa mara moja tu kwenye Odyssey, na ni hapo. Haitajwi kwa hekalu wala dhahabu, imetajwa kwa mche wa mtende. Cicero, mwandishi wa Kirumi, karne nyingi baadaye alisema bado watu walikuwa wanaonyeshwa mtende huo huo. Waongozaji wa watalii ni kabila la kale.

Pale chini bandarini ndipo nilipokwenda polepole zaidi. Mwaka 166 KK Warumi waliifanya Delos bandari huru isiyotoza ushuru, na biashara ikahamia hapa, hasa ya watu. Strabo, mwanajiografia wa kale, anasema kisiwa kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa kwa makumi elfu katika siku moja, mpaka ikatoka methali: mfanyabiashara, tia nanga, pakua, vyote vimekwisha kuuzwa. Kisiwa ambacho mwenye mimba asiye na pa kwenda alipewa pa kulala. Mimi nimesoma shule dakika kumi kutoka Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa la Unguja, na pale gatini sikupiga picha.

Mto wa hapa unaitwa Inopos. Ni korongo kavu lenye birika la kale la mawe. Callimachus anasema hujaa wakati Nile inaposhuka kwa nguvu kutoka majabali ya Ethiopia, na Pausanias, msafiri wa Kigiriki, anasema watu wa Delos wenyewe waliamini ni maji ya Nile yamepita chini ya bahari. Si kweli, bila shaka. Lakini walijua vizuri kwamba Nile hufurika kiangazi, wakati kwao hakuna hata tone. Mto wao ukiwa na maji Agosti, yangetoka wapi tena?

Kisha Kynthos, kilima, mita 112. Ngazi ni za mawe na upepo wa juu unataka kukuvua shati. Kilima hiki kimezaa majina kuliko milima mirefu. Artemis akaitwa Kynthia, Warumi wakamwita Cynthia, mshairi Propertius akalitumia kumficha mpenzi wake katika mashairi. Mwenzake Tibullus akamficha wake kwa jina Delia, binti wa Delos. Mwandishi Apuleius anasema jina halisi la Delia lilikuwa Plania, na hapo kuna mchezo: planus kwa Kilatini ni wazi, bayana, na delos kwa Kigiriki ni hivyo hivyo. Amemficha kwa jina lenye maana ya kisichofichwa! Nimesoma na akina Cynthia wawili chuoni Nairobi. Hakuna aliyejua ana kilima.

Kutoka juu nimeona Mykonos, Tinos, Syros, Paros, Naxos, na Rhenia hapo jirani, zimezunguka pande zote. Jina lao Kyklades, za duara. Duara la nini? La hapa niliposimama.

Honi ya boti ikalia saa tisa.

Siku ya tano, Mykonos

Jumba dogo la makumbusho. Vyombo vingi hapa vimetoka kwenye shimo moja la Rhenia. Mwaka 426 KK Waathene waliifukua Delos makaburi yote wakayahamishia huko, wakaamuru hakuna tena kufa wala kuzaa Delos. Mgonjwa na mjamzito wavushwe. Mwanahistoria Thucydides anaieleza kwa ukavu wake wa kawaida. Mimi najiuliza habari ya mjamzito anayevushwa kwa mashua kwa heshima ya Leto.

Mabaharia wa Ulaya wa zama za kati waliviita Delos na Rhenia pamoja Sdiles. Wagiriki waliosema "kwenda Diles", kwa wingi, walitanguliza kiungo cha s, wageni wakakibeba pamoja na jina. Ramani zao zimejaa makosa ya aina hiyo.

Jambo moja la sarufi: delos ya jina ni ya kike, ingawa inaishia kama neno la kiume, kwa sababu neno lao la kisiwa ni la kike. Nasi tuna letu. Kisiwa kina, lakini Pemba ina karafuu, haisemwi kina. Nilipokuwa naandika daftari hili nimejikuta nabadilisha kila mstari, mara kisiwa kinaelea, mara Delos inatulia.

Siku ya sita, melini tena

Meli imechelewa, tumeondoka saa tatu usiku. Antipater wa Thessaloniki ana shairi dogo ambamo Delos yenyewe inazungumza, baada ya vita na maharamia wa karne ya 1 KK kuiacha tupu. Inasema heri ningebaki natangatanga kwa upepo. Ole wangu, meli ngapi za Wagiriki zinanipita sasa, mimi niliyekuwa nikiabudiwa. Nilikwenda upande wa kushoto wa sitaha nikashika chuma. Mykonos ilikuwa inawaka nyuma yetu kama duka la dhahabu. Mbele kushoto, giza.

Ami akapiga simu.

"Umeiona hiyo Dhilos yako?"

"Naitazama hapa, Ami. Haionekani."

"Dhiladhi?"